Tangi la sigara ya kielektroniki la kusuka koili mwenyewe: nimekosea kuchagua, au nimekosea kufunga?

Mwalimu_wa_Njoro (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, poleni na shughuli.

Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Njoro hapa Moshi, na nimevuta sigara tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, jambo ambalo silitaji kwa fahari. Mwaka jana mpwa wangu aliniachia kifaa chake cha sigara ya kielektroniki, chenye betri moja ya kuchomoa na kioo kidogo kinachoonyesha wati, pamoja na tangi lake. Tangi hilo lilitumia koili (waya uliozungushwa unaopashwa moto ili kimiminika kiwe mvuke) za dukani, zile zinazokuja zimeshafungwa pamba ndani ya kikopo cha chuma, na kwa miezi minne nilipunguza sigara kutoka pakiti moja kwa siku hadi sigara mbili au tatu tu. Taabu ilianza koili zilipokwisha. Niliulizia Moshi mjini nikakosa, nikaulizia Arusha nikapata za aina nyingine zisizoingia, na hatimaye duka moja likaniuzia koili tano kwa bei ya kuruka, tatu kati yake zikiwa na ladha ya kuungua tangu mvuto wa kwanza.

Ndipo nilipoagiza tangi la kusuka, yaani lile ambalo mtu hujifungia waya na pamba mwenyewe. Lina upana wa milimita 24, kioo cha mililita 4, kitako chenye nguzo mbili za kubania waya, mfuko wa oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) za akiba, bisibisi ndogo, na kipande cha waya kisichoandikwa jina. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa ya Kiingereza ambacho hata mimi niliyekifundisha miaka 31 sikukielewa.

Nilisuka mizunguko minane, nikapitisha pamba ya duka la dawa na kuishindilia kwa nguvu ili isivuje, nikakata ncha zake fupi kwa sababu ndefu zilinizuia kufunika, nikajaza nusu ya tangi na kuweka wati 30 kama nilivyozoea. Siku ya kwanza koo liliwaka kama nimemeza pilipili kichaa. Siku ya pili nilipanda basi kwenda Arusha kwenye kikao cha ukoo, na niliposhuka stendi mfuko wa shati ulikuwa umelowa, nikanukia maembe mbele ya mashemeji zangu wote.

Naomba kujua: tangi hili ni baya, au mimi ndiye niliyelifunga vibaya? Na kama ningekuwa nachagua upya, ningeangalia nini? Swali la nyongeza: chupa yangu ya kimiminika imeandikwa 70 kwa 30 na inakaribia kwisha. Je, ninaweza kuiongezea gliserini ya kupaka inayouzwa madukani ili isogee?

Kijana_Soweto (Moshi)

Shikamoo Mwalimu. Kwa maoni yangu, achana na kifaa chenye kioo na vitufe vingi. Tafuta lile bomba la chuma tupu ambalo betri inaingia na tangi linafungwa juu, basi. Halina kompyuta ya kuharibika, na mvuke wake ni mwingi kiasi kwamba hutauliza habari za wati tena. Na kwa kuwa sote tunaishi mji unaoitwa Moshi, sidhani kama jirani atalalamika.

Fundi_Mota (Arusha)

Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kusuka mota za pampu na jenereta huku Unga Limited, na nilipoacha sigara miaka michache iliyopita nilianza kujisukia koili hizi kwa sababu ile ile iliyokusukuma wewe. Waya ni mwingine, lakini hesabu ni ile ile, isipokuwa kwenye mota joto tunalikimbia na hapa joto ndilo tunalolitafuta.

Nianze na ushauri wa kijana wangu wa Soweto, kwa sababu unaweza kumuumiza mtu. Bomba la chuma tupu halina kitu chochote cha kukata umeme pale koili inapopiga shoti, na betri ya litiamu iliyopigwa shoti hupata moto mkali ndani ya sekunde chache na huweza kulipuka mkononi au mfukoni. Kifaa cha Mwalimu hupima omu, yaani ukinzani wa koili kwa umeme, kabla ya kuwasha, na kikiona hazifai kinakataa. Mtu anayejifunza kusuka atakosea mara nyingi, kwa hiyo anahitaji kifaa kinachojua kukataa.

Sasa tangi. Swali la kwanza kabla ya kununua ni namna unavyovuta. Aliyetoka kwenye sigara ya kawaida hukusanya kwanza mdomoni, kisha ndipo huteremsha kifuani. Wapo wengine wanaovuta moja kwa moja hadi mapafuni kama mtu anayevuta pumzi, nao huhitaji njia pana ya hewa, waya mnene na wati nyingi. Tangi la milimita 24 lenye nguzo zilizoachana na matundu mapana ya hewa limetengenezwa kwa ajili ya hao wa pili. Kwa mtu kama wewe ningechagua la milimita 22, la koili moja, lenye pete ya hewa inayoweza kubanwa hadi tundu la milimita moja au moja na nusu. Kwa hiyo hukununua tangi baya. Umenunua tangi la mvutaji mwingine, na ukibana pete ya hewa hadi karibu mwisho na kupunguza wati, bado litakufaa.

Mambo mengine ya kuangalia ni machache. Hesi ya chini karibu zote ni ile iitwayo 510, yenye upana wa milimita 7, kwa hiyo hapo hutapata shida, ila linganisha upana wa tangi na upana wa kifaa lisije likaning'inia pembeni kama sufuria kubwa juu ya jiko dogo. Chagua linalojazwa kwa juu. Chagua lenye kioo halisi kuliko la plastiki, kwa maana ladha za ndimu na mdalasini huwa zinapasua baadhi ya plastiki. Skrubu za kubania waya ziwe na vichwa vipana, kwa sababu zile ndogo hukata waya mwembamba. Oringi za akiba zitunze kama pesa. Kuna rafiki yangu aliweka oringi ya kabureta ya bodaboda ikatoshea vizuri kabisa, akavuta ladha ya gereji wiki nzima.

Waya usio na jina usiutumie kabla hujaujua. Chukua sumaku: waya wa Kanthal, ambao ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, huvutwa, nikromu na chuma cha pua cha 316L havivutwi. Nikeli tupu nayo huvutwa, lakini utaigundua kwa mita, kwa kuwa omu zake ni ndogo mno. Nikeli na titani ni za vifaa vinavyodhibiti joto, na hazifai kuwashwa kwa kuweka wati tu, kwa hiyo ukizitilia shaka zitupe. Ningekushauri utafute Kanthal A1 yenye unene wa milimita 0.32. Mita moja ya waya huo ina takriban omu 18, na ukizungusha mara tano juu ya biti ya drili ya milimita 2.5, pamoja na miguu yake miwili, utatumia kama sentimita tano na nusu, ambazo ni karibu omu 1. Ukiipima kwa mita ya bei rahisi, gusanisha kwanza ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe na utoe kile inachosoma, kwa sababu nyaya za mita hizo peke yake husoma sehemu kadhaa za omu na zitakudanganya.

Kwa omu 1 na betri iliyojaa, yenye volti 4.2, mkondo hauzidi ampea 4.2 hata kifaa kikitoa nguvu yote ya betri. Kwa wati 12, ambazo ndizo ninazokupendekezea, kifaa kitatoa kama volti 3.5 na ampea 3.5. Wewe uliweka wati 30 kwenye koili ndogo, pamba imeshindiliwa na hewa haitoshi. Koo kuwaka lilikuwa jambo la lazima.

Kabla ya kufunga chochote, fungua tangi lote na ulioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwani matangi mapya hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya mashine. Likikauka, paka oringi tone la kimiminika ili zisikatike. Bana koili kwenye nguzo ikiwa bado imo kwenye biti ya drili, ili isipinde, kisha kata ncha za waya hadi zisionekane nje ya skrubu, kwa sababu ncha ndogo ikigusa kofia ya chuma unayofunika juu, hapo ndipo shoti inapozaliwa. Iache juu ya tundu la hewa kwa milimita mbili hivi, isiguse kitako. Washa kwa wati 10, sekunde moja moja, ukiangalia. Koili nzuri huanza kuwa nyekundu katikati na wekundu ukaenda nje kwa usawa. Ikiwaka upande mmoja, zima, isugue taratibu kwa ncha ya kibano, washa tena. Kibano cha chuma kisiiguse hata siku moja ikiwa imewashwa. Cha kauri ndicho huruhusiwa. Omu zikirukaruka kwenye kioo cha kifaa, skrubu haijakaza.

Sasa pamba, ambayo ndiyo tangi lenyewe. Hivyo vyuma vingine ni nyumba yake tu. Pamba ya duka la dawa inafaa, mradi iwe nyeupe isiyo na dawa wala manukato. Bandua tabaka la juu na la chini, tumia la katikati. Usitumie pamba mbichi ya shambani. Nina shemeji wa Shinyanga aliyeniletea mfuko mzima kwa upendo, lakini pamba mbichi ina nta yake ya asili inayokataa maji, na kabla ya kuchemshwa na kusafishwa itaelea juu ya kimiminika kama bata. Ipitishe ndani ya koili ikiwa na ukinzani kidogo, kama kamba ya kiatu kwenye tundu lake: isilegee, na isivute koili ikaondoka mahali pake. Kata ncha zake zifike ukingoni mwa kitako, zichambue kwa sindano hadi zipungue ujazo kama theluthi, kisha zilaze kwenye mifereji ya kimiminika zikaifunika yote bila kushindiliwa. Hapo ndipo ulipokosea mara mbili kwa kinyume: ndani ya koili ulijaza kupita kiasi, kimiminika kikashindwa kufika na pamba ikaungua, kwenye mifereji ulikata fupi, ikabaki wazi, kimiminika kikateremka kwenye tundu la hewa na kuingia kwenye shati.

Lowesha pamba kwa matone mpaka ing'ae, funika, bana hewa kabisa, jaza, kisha subiri dakika kumi kabla ya kuvuta.

Nimalizie na betri. Kama ni ya ukubwa uitwao 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, nunua yenye jina la kiwanda kinachojulikana na iliyothibitishwa kubeba ampea 20. Usichukue iliyotolewa kwenye kompyuta ya mkononi iliyokufa, hata kama fundi ni mimi. Na ukiona betri ya tochi imeandikwa 9,900 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), iache hapo hapo, kwa sababu betri za ukubwa huo hazifiki hata nusu ya namba hiyo. Ganda la plastiki likichanika, ama ulibadilishe ama uistaafishe betri. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Dereva_wa_Kaskazini (Arusha)

Shikamoo Mwalimu, na heshima kwako Fundi. Nakubaliana na yote, ila kwenye suala la kuvuja ndani ya basi naomba kuongeza jambo ambalo fundi wa karakana hawezi kuliona, kwa sababu karakana haipandi mlima.

Mimi huendesha watalii, na wageni wengi wa siku hizi huja na vifaa hivi. Kwa muda mrefu nilishangaa kwa nini mtu anavuta vizuri kabisa Mto wa Mbu, halafu tukipanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na kuendelea hadi ukingo wa Ngorongoro anaanza kulalamika kwamba tangi linatoa machozi. Nilipofikiri nikakumbuka pakiti za krispi, ambazo ukipanda nazo huvimba kama zitapasuka. Mto wa Mbu ipo chini ya mita 1,000 na ukingo wa kreta ni karibu mita 2,300, na katika kupanda huko shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 15. Tangi lililojazwa nusu lina nusu nyingine ya hewa iliyofungiwa, na hewa hiyo ikitanuka hukisukuma kimiminika kutafuta mlango, na mlango ni mmoja tu, yaani kupitia kwenye pamba. Moshi hadi Arusha si mbali, ni kama kilomita 80, lakini unatoka kwenye mita 800 na ushee na kufika mita 1,400. Kupanda huko peke yake hakungelilowesha shati lote, ila pamba ilikuwa tayari imeacha mifereji wazi.

Kwa hiyo ukisafiri, jaza tangi hadi juu ili hewa iwe kidogo, bana pete ya hewa, na lisimamishe wima kwenye mfuko wa begi badala ya kulilaza mfukoni. Ukifika, fungua kifuniko cha kujazia mara moja kabla ya kuvuta, hewa itatoka kwa juu badala ya kusukuma kwa chini. Anayepanda mlima kupitia Marangu afanye hivyo kila kituo, maana kutoka getini hadi Mandara tu ni kama mita 800 za kupanda, ingawa binafsi simwelewi mtu anayetaka kuvuta chochote huko juu.

Joto nalo lina neno lake. Nikiacha gari juani mchana wa Februari, kimiminika huwa chepesi kama maji na huvuja bila kusukumwa. Alfajiri pale ukingoni mwa kreta, penye baridi ya kutetemesha meno, kimiminika kile kile huwa kizito kama asali na hakifiki kwenye koili, na mvuto wa kwanza huungua. Ninawaambia wageni wakae nacho ndani ya koti kwanza.

Na kama kuna anayesafiri kwa ndege kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: kifaa na betri zake huingia nawe ndani ya ndege, hazitiwi kwenye mzigo unaokwenda chini. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimekataza vifaa hivi kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya moto. Tangi liwe tupu, kwa kuwa hewa ndani ya ndege ikiwa angani huwa kama ya mtu aliyepanda mlima wa mita 2,000 hivi.

Mfamasia_Usa (Usa River)

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwa makini, na kwa kuwa ndugu zangu wameeleza vyuma vizuri, mimi nitabaki kwenye chupa.

Gliserini ya kupaka usiitie humo, tafadhali. Baadhi huwa na manukato, na hata isiyo na manukato haijaandaliwa kwa kuvutwa kwenye mapafu. Zaidi ya hapo, gliserini na propilini glikoli, ambazo ndizo msingi wa kimiminika hiki, zisizopimwa kwa viwango vya dawa zimewahi kukutwa na diethilini glikoli, sumu inayoua figo. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wengi walipoteza maisha kwa dawa za kikohozi zilizochafuliwa na sumu ya jamii hiyo. Kama mtu anachanganya mwenyewe, iwe ni gliserini ya mimea iliyothibitishwa kwa matumizi ya dawa, kwenye chupa iliyofungwa na yenye namba ya toleo.

Mafuta ya karafuu, mchaichai, au chochote kinachoitwa mafuta kisiingie kabisa. Ladha za sigara hizi hutengenezwa ziyeyuke kwenye glikoli, ilhali mafuta hayatolewi na mapafu kirahisi. Mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 nchini Marekani zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufariki kwa majeraha ya mapafu, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, ambayo ni mafuta, iliyotiwa kwenye vimiminika vya bangi.

Hiyo 70 kwa 30 kwa kawaida ina maana ya gliserini asilimia 70 na propilini glikoli asilimia 30, lakini soma chupa, kwa sababu wengine huandika kinyume. Gliserini ndiyo nzito na ndiyo huongeza mvuke. Propilini ndiyo nyepesi na ndiyo hubeba ladha na kukwaruza koo kidogo. Kwa koili ndogo ya omu 1 anayokusukia Fundi, tafuta nusu kwa nusu. Hata hivyo jiandae, kwani kimiminika chepesi huadhibu pamba iliyofungwa ovyo haraka kuliko kizito.

Angalia pia nikotini. Mtu wa pakiti moja kwa siku akitumia kimiminika cha miligramu 3 kwa mililita kwenye wati 12 atavuta kutwa nzima asitosheke, kisha atarudi kwenye sigara. Wengi huanzia kwenye 12 na kushuka taratibu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, na matangi yanayouzwa huko hayaruhusiwi kuzidi mililita 2, ndiyo maana baadhi ya matangi huja na vioo viwili, kidogo na kikubwa. Kimiminika chenye miligramu 50 kilichotengenezwa kwa chumvi ya nikotini ni cha vifaa vidogo vya wati chache. Usikitie kwenye tangi hilo, kitakulevya na kukutapisha.

Chupa ikae juu kabisa kabatini na ifungwe. Mwalimu, una wajukuu, na kimiminika kinachonukia maembe kwa mtoto ni maembe. Kiasi kidogo tu humpeleka hospitali. Kikikumwagikia mkononi, osha papo hapo.

Na niruhusu neno moja kama binti yako. Zile sigara mbili au tatu zilizobaki ndizo zinazonisumbua kuliko tangi hili. Faida unayoitafuta haipo ukiendelea na vyote viwili, na hiki nacho si maji ya baraka, kina nikotini ile ile iliyokufunga miaka yote. Weka tarehe ya kuachana na sigara kabisa, kisha tutazungumza tarehe ya kuachana na hiki.

Mwalimu_wa_Njoro (Moshi)

Marahaba wanangu, na asanteni sana. Nimekaa wiki mbili bila kuandika kwa sababu nilitaka kuleta majibu na si ahadi.

Waya ule usio na jina ulishikwa na sumaku, nikafurahi, kisha nikaupima sentimita kumi zikasoma karibu na sifuri. Bila shaka ni nikeli; umekwenda kwenye pipa. Nimepata Kanthal ya 0.32 kupitia kwa mwanafunzi wangu wa zamani, na koili ya nne (ya kwanza hadi ya tatu tusizizungumzie) ilisoma omu 1.05. Pamba nilidhani nimepunguza, kumbe bado nilikuwa nashindilia. Mkono wa mwalimu umezoea kubana chaki. Nilipoichambua kwa sindano kama mlivyosema, koo lilitulia siku hiyo hiyo. Natumia wati 12, kimiminika cha nusu kwa nusu, miligramu 12. Juzi nimekwenda Arusha na kurudi nikiwa nimejaza hadi juu, tangi likiwa wima, na shati limebaki kavu.

Binti yangu wa Usa River, nimekusikia. Sigara ni moja kwa siku sasa, ile ya baada ya chai ya asubuhi, na tarehe nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni ambako mama watoto anaiona kila siku, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Limebaki jambo moja. Nikivuta baada ya kukaa muda mrefu, tangi linakoroma kama kiko cha maji, na matone ya moto hunirukia ulimini. Halivuji nje. Je, nifungue nisuke upya?

Fundi_Mota (Arusha)

Hongera Mwalimu, koili ya nne ni mapema. Yangu ya kwanza nzuri ilikuwa ya tisa.

Usisuke upya. Kukoroma ni kimiminika kilichozidi kukaa chini ya koili. Kama hakivuji nje, chunguza kwanza oringi ya kifuniko cha juu na uone kama imekaa sawa kwenye mfereji wake, kwa sababu hewa ikipenya juu, kimiminika hushuka bila kuzuiwa. Kisha angalia kama huvuti kwa nguvu mno: ukivuta kama unayenyonya soda kwa mrija, unakilazimisha kupanda kuliko koili inavyoweza kukichemsha. Vuta polepole, sekunde tatu hivi. Kukoroma kukianza, chomoa tangi kwenye kifaa, zungushia karatasi laini kwenye matundu ya hewa, puliza kwa mdomo kupitia juu, na kilichozidi kitatoka kwenye karatasi. Ukirudisha, ongeza wati moja tu, uone.

Pamba ibadilishe kila baada ya wiki moja, au mapema ikiwa imegeuka rangi ya chai ya rangi na ladha imefifia. Kimiminika chenye sukari nyingi ya ladha, kama hicho chako cha maembe, huichafua haraka. Waya ule ule unaweza kukaa mwezi au miwili: toa pamba, washa koili mara chache ikiwa kavu hadi masizi yawe majivu, ikipoa isugue chini ya bomba kwa mswaki wa zamani, ikauke kabisa, kisha weka pamba mpya. Siku utakayoona omu zimepanda bila sababu au waya umeliwa karibu na skrubu, hapo ndipo usuke mpya.